Mbu, Wazungu na manamba: nani alilala juu, nani alilala chini

Wasomaji wangu, leo tuzungumze kuhusu mbu. Ndiyo, mbu huyu huyu wa kila siku. Najua wengine mtasema nimeishiwa habari za kuandika. Vumilieni kidogo. Nina hoja kwamba mdudu huyu ana mkono mkubwa katika ramani ya miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, na kwamba habari yake ni habari ya wageni: nani alikuja kulala kwetu, nani kati yetu alikwenda kulala kwa watu, na kila mmoja alipewa nini cha kujifunika.

Tuanze na jiografia, ile ya darasa la nne. Aliyepanda basi kutoka Dar kwenda Iringa anaijua Kitonga. Unaondoka Ruaha Mbuyuni shati limegandamana na mgongo, basi linapanda zile kona huku abiria wa dirishani wakichungulia bonde kwa jicho moja, na ukifika Ilula unaanza kutafuta sweta. Iringa mjini iko kwenye mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700. Lakini ukitoka Mbeya ukapita Uyole, Kiwira na Tukuyu, ukateremka mpaka Kyela, unafika kando ya Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko chini ya mita 500. Ni safari ya saa chache, na umebadilisha dunia.

Kwa mbu tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwa mbu jike aina ya anofelesi, vinahitaji muda wa kukomaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye nyuzijoto 25 vinachukua siku 12 hivi. Kwenye nyuzijoto 20 vinachukua karibu wiki nne. Chini ya nyuzijoto 16 vimelea vya ile malaria kali havikui kabisa. Sasa mbu mwenyewe haishi sana, wiki mbili au tatu akibahatika. Kwa hiyo mbu wa Iringa mara nyingi anakufa kabla silaha yake haijawa tayari. Anakuuma, anakunyima usingizi, anakupigia zumari sikioni, basi. Mbu wa Kyela au wa Ifakara hana haja ya kusubiri hivyo.

Hayo yote yamepimwa na wanasayansi. Lakini je, watu wa milimani walihitaji kupimiwa ndipo wajue?

Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch, mmoja wa wakubwa wa sayansi ya vijidudu duniani, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani kuchunguza maradhi. Akafika Usambara. Huko alikuta kwamba watu wa milimani wanaumwa homa wakiteremka tambarare, na kwamba homa yenyewe wanaiita "mbu". Koch alieleza kwamba ukiwauliza kwa nini, wanasema kule chini kuna wadudu waitwao mbu, na hao ndio wanaoleta homa. Jina la mdudu na jina la ugonjwa ni moja. Mwaka huo huo, tarehe 20 Agosti, Ronald Ross alikuwa Secunderabad, India, akiangalia tumbo la mbu kwenye darubini na kuona vimelea. Mwaka 1902 Ross akapewa Tuzo ya Nobel. Wasambaa hawakupewa kitu.

Wala si wao peke yao. Richard Burton, yule aliyekuja baadaye kutembea mpaka Tanganyika, alichapisha mwaka 1856 kitabu cha safari yake ya Usomali na Harar. Humo anaeleza kwamba watu wa kule wanasema kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Burton akaliweka hilo kwenye fungu la ushirikina. Akadhani watu wamechanganya tu, kwa kuwa mbu na homa huja msimu mmoja. Angelisikiliza angeitangulia sayansi ya kwao kwa miaka 40.

Jamani, silengi kusema kwamba wazee wetu walijua kila kitu. Kuna mengi hawakuyajua. Ninachosema ni kwamba mtu wa mlimani aliyeteremka bondeni na kurudi anatetemeka alikuwa na somo ambalo Mzungu alilipata kwa kuzika wenzake. Wakati huo Ulaya bado wengi waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Hata neno lenyewe "malaria" ni Kiitaliano cha "hewa mbaya". Kwa hiyo walifunga madirisha usiku, hewa isiingie. Kwa bahati waliwazuia mbu wachache bila kujua wanachokifanya.

Sasa waangalie wageni wenyewe. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walianza mwaka 1875 Cape Maclear, kusini mwa Ziwa Nyasa, upande ambao leo ni Malawi. Homa ikawamaliza. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe, bado kando ya ziwa, na makaburi yakaendelea kuongezeka. Mwaka 1894 wakaona yatosha, wakapanda mlimani Kondowe, na hapo wakakaa. Upande wetu, Wamoraviani walipofika mwaka 1891 hawakubaki chini ziwani. Walipanda mpaka Rungwe. Serikali ya Kijerumani nayo ilijenga kituo chake cha Langenburg kando ya ziwa, na baadaye makao yakahamia mlimani. Mji huo mpya ukaitwa Neu-Langenburg, na ndio Tukuyu ya leo. Ukitazama ramani utaona mwendo ni mmoja: kila mgeni anapanda, anapanda, anapanda.

Iringa iliingia katika hesabu hiyo hiyo. Wajerumani waliivunja Kalenga mwaka 1894, na mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha kituo kipya juu ya kilima, ndio Iringa ya sasa. Mkwawa alikuwa bado hajakamatwa. Na hata kabla vita haijaisha, Gavana Eduard von Liebert alifunga safari kuja Uhehe mwaka 1897, akaandika kitabu juu ya siku zake 90 za kulala hemani. Lilikuwepo swali kichwani mwake: je, Mjerumani anaweza kuja kuishi huku na mke na watoto, akalima, asife? Mwaka 1908 Friedrich von Lindequist aliongoza msafara mwingine wa kuchunguza swali hilo hilo kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Waingereza walipochukua nchi, walowezi wao nao wakaja na hesabu zao. Lord Delamere wa Kenya aliitisha mkutano wa walowezi mwaka 1925, na aliuitisha wapi? Tukuyu.

Unaona mambo yanavyokwenda. Mahali pasipo na homa palikuwa bidhaa adimu. Baridi ile tunayoilalamikia mwezi wa sita na wa saba, ikitufanya tuote moto kama wazee, ndiyo iliyowaleta wengine kutamani ardhi ya Uhehe na Usafwa. Miaka ya 1930 abiria wa ndege za Imperial Airways kutoka London kwenda Cape Town walitua Mbeya, moja ya vituo vya njia hiyo iliyofunguliwa mwaka 1932. Mzungu aliyetoka kuteseka na joto na mbu njiani alifika chini ya mlima Loleza akahisi kama yuko kwao.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: sawa, kila kiumbe kinatafuta usalama wake. Nakubali. Lakini sasa tuje kwenye jambo linalonikera.

Baada ya kugundulika kwamba mbu ndiye mkosaji, serikali za kikoloni zilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupambana na mbu kwa ajili ya watu wote: kukausha madimbwi, kugawa kwinini, kuweka nyavu madirishani. Ya pili ni kumhamisha Mzungu akae mbali na Mwafrika. Mwaka 1900 wataalamu wa Kiingereza waliokuwa Afrika Magharibi waliona kwamba watoto wa Kiafrika wanabeba vimelea damuni hata wasipoonekana wagonjwa. Ushauri wao ukawa: tenganisheni makazi. Mwaka 1904 kule Freetown, Sierra Leone, Waingereza wakafungua kitongoji chao cha mlimani, Hill Station, pamoja na reli ya kuwateremsha kazini asubuhi na kuwapandisha jioni. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali yao, na ripoti yake ikapendekeza miji igawanywe kwa rangi, katikati kuwe na uwanja mtupu. Ukisimama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, unasimama juu ya fikra za namna hiyo: uwazi kati ya Uhindini na Kariakoo.

Sasa njoo Mbeya. Tuna Uzunguni, tuna Uhindini, tuna Majengo. Njoo Iringa, utaikuta Gangilonga juu kwenye upepo mzuri, na mitaa ya wengine chini yake. Ramani ni ile ile ya Dar es Salaam. Lakini kama hoja kweli ilikuwa mbu, Uzunguni kwenye mita 1,700 ni wa kazi gani? Mbu wa malaria huko ni wa kutafutwa kwa tochi! Na kuna jambo jingine. Nyuma ya kila nyumba ya Uzunguni kulikuwa na chumba cha mpishi, boi na yaya, Waafrika, wanalala hatua 20 kutoka kitanda cha bwana. Kama damu ya Mwafrika ilikuwa hatari kiasi hicho, mbona aliyepika chai alihesabiwa salama? Jibu mnalo. Mbu alikuwa shahidi wa kukodiwa. Alisimamishwa mahakamani Freetown, ushahidi wake ukaletwa mpaka kwetu ambako hata hakuwepo.

Haya, tumewazungumzia waliopanda. Tuwazungumzie walioteremka.

Wakati Mzungu anapanda Kitonga na chandarua chake, kwinini yake na kofia yake, Mbena, Mkinga na Mhehe walikuwa wanateremka kwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Hao ndio manamba, tuliosimuliwa na babu zetu. Mtu alisaini mkataba, akapewa namba, na jina lake likabaki nyumbani. Watu wa Njombe na wilaya za jirani walichukuliwa kwa wingi. Mwaka 1926 serikali ya Waingereza ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Orde-Browne, ikaweka makambi njiani ili wasafiri hao wapate mahali pa kulala, kula na kutibiwa, kwa sababu watu walikuwa wanafia njiani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda shirika lao la kuandikisha vibarua, lililojulikana kama SILABU, na malori yakawa yanakuja kuwachukua watu huku huku kwetu.

Fikiria kisayansi kilichokuwa kinatokea. Koch huyo huyo alionyesha, alipokwenda New Guinea mwaka 1899 na 1900, kwamba mtu aliyekulia kwenye malaria hujenga kinga kiasi. Watoto wanaugua na wengi wanakufa, lakini anayefika utu uzima anahimili. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo. Kwa vimelea, Mbena wa Njombe aliyefika Korogwe hakuwa na tofauti na Mwingereza aliyeshuka melini jana. Wote ni wageni. Tofauti ni kwamba mgeni mmoja alipewa nyumba yenye wavu dirishani, na mwingine akapewa banda la kambi na blanketi. Mzungu akiugua, daktari aliandika kwamba nchi ni mbaya. Manamba akiugua, nyapara alisema ni mvivu.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshalionyesha hilo kwa ukatili zaidi. Mwaka 1916, Waingereza chini ya Jenerali Northey waliingia Iringa mwishoni mwa Agosti wakitokea kusini. Kule tambarare, majeshi ya Afrika Kusini yalipukutika kwa malaria na kuhara kuliko kwa risasi, mpaka maelfu wakarudishwa kwao. Wajerumani, waliozuiwa na manowari za Kiingereza wasipate dawa kutoka Ulaya, walitengeneza kwinini yao Amani, Usambara, kutokana na magome ya mti. Ilipokosekana hata hiyo walichemsha magome wakanywa maji yake machungu, wakayaita kwa utani pombe ya Lettow, kwa jina la kamanda wao. Na wapagazi, wakiwemo wa kutoka milima yetu, waliokufa kwa makumi ya maelfu? Mpagazi alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya kila kitu.

Lakini hadithi ina kituko kimoja kizuri, na mimi nakipenda sana. Nchi hii isiyo na mbu wengi ndiyo inayoota sumu ya mbu.

Nazungumzia pareto, yale maua meupe yenye moyo wa njano unayoyaona Mbeya vijijini, Makete na Mufindi. Pareto inataka baridi na mwinuko. Ukiipanda Kyela haitoi maua ya maana. Asili yake si kwetu, ilikuwa inalimwa Dalmatia, pwani ya Ulaya ya kusini, kisha Japani. Mjapani Eiichiro Ueyama alitengeneza mwaka 1890 kijiti cha pareto cha kufukizia mbu. Tatizo lake kiliwaka muda mfupi tu. Inasimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyetoa wazo la kukiviringisha kama nyoka aliyejikunja, na mwaka 1902 ile dawa ya mbu ya kuchoma tunayoijua leo ikaingia sokoni. Walowezi wa Kenya, kisha wa kwetu, wakaanza kulima pareto kabla ya Vita Kuu ya Pili. Vita ilipoanza na Japani ikawa adui, majeshi ya Washirika yalitegemea pareto ya Afrika Mashariki kuwalinda askari wao na mbu na chawa.

Kisha ikaja DDT, na mwaka 1973 wanakemia wa Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza permethrini, sumu iliyoigwa kutoka ile ya ndani ya ua la pareto lakini inayovumilia jua. Kemia hiyo ndiyo iliyozaa dawa za kwenye vyandarua. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kufuma vyandarua vyenye permethrini ndani ya uzi miaka ya mwanzo ya 2000, na vimekwenda nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo mjomba wako wa Makete anayechuma maua kwenye ukungu asubuhi yuko kwenye ukoo mmoja na chandarua cha mama wa Kyela. Maua yake yanakaushwa, yanapelekwa kiwanda cha Mafinga, yanakamuliwa na kuuzwa nje. Bei anapangiwa na watu ambao hajawahi kuwaona. Hiyo ni makala nyingine, lakini nimeitaja makusudi.

Tuje leo. Serikali ilianzisha Hati Punguzo mwaka 2004, mama mjamzito akapata chandarua kwa nusu ya bei au chini yake, na kati ya 2009 na 2011 vyandarua vikagawiwa bure nchi nzima. Mwaka 2007/08 vipimo vya kitaifa vilionyesha asilimia 18 ya watoto wadogo wana malaria. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 8.1. Iringa na Njombe huwa mkiani kabisa mwa orodha hiyo, na kuwa mkiani hapo ni sifa.

Lakini sifa hiyo ina mtego wake. Sisi bado tunateremka. Hatuitwi manamba tena. Tunaitwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza Dar, vijana wa JKT, madereva wa malori, wafanyabiashara wa mchele wanaolala Ifakara na Kyela, maharusi waliokwenda fungate Zanzibar. Tunapanga gesti za bei tunayoiweza, tunakuta chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda kama kichuguu, kina matundu ya sigara, tunakiacha pale pale kwa sababu nyumbani hatujakizoea. Damu yetu ni ya wageni kama ya babu alipofika Korogwe.

Na hatari kubwa inakuja baada ya kurudi. Malaria haikupigi siku ile ile. Mara nyingi inajitokeza wiki moja mpaka nne baadaye, wakati umesharudi Iringa, umevaa sweta, na hakuna anayewaza mbu. Unasema ni mafua, ni uchovu wa safari, ni taifodi. Unameza vidonge vya maumivu. Kwa mtu asiye na kinga, siku mbili au tatu za kusubiri zinaweza kuwa nyingi mno.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu. Ukilala chini, fungua chandarua kabla jua halijazama, ukague matundu, uyafunge hata kwa uzi, ukichomeke chini ya godoro. Kama hakuna, dai. Umelipia chumba, si kitanda peke yake. Na ukirudi juu ukapata homa, sentensi ya kwanza ya kumwambia daktari iwe: "Nilikuwa Kyela" au "Nilikuwa Dar", kisha omba kipimo cha malaria.

Wasambaa walilipa homa jina la mdudu ili asiwepo wa kusahau ilikotoka. Sisi wa milimani tuna basi, tuna dawa, tuna kipimo cha dakika 15. Kilichobaki ni kukumbuka tu tulilala wapi.

Siku njema, na wale mnaosafiri wiki hii mfike salama.